Dirisha la Kusini: Mwanga, Mimea na Vijana Wetu wa Ng'ambo



Nimeombwa kuzungumza juu ya afya ya watu wetu walioko ng'ambo, nami nimechagua kuzungumza juu ya dirisha. Najua wengi mlitarajia habari za visa, karo za vyuo na mitihani ya leseni ya uuguzi. Hayo yana wasemaji wake, tena hodari. Mimi nataka tuzungumzie saa za mchana, kwa sababu hakuna anayemweleza kijana wa Kisii au Nyamira habari za mchana kabla hajapanda ndege, na mwezi wa Novemba humkuta huko bila taarifa.

Hapa petu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa kumi na mbili na dakika 50 asubuhi, mwaka nenda mwaka rudi. Mji wa Kisii hauko hata digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wa Juni na mchana wa Desemba haupishani hata kwa dakika 10. Mvua inaweza kunyesha kila alasiri, ukungu ukalala juu ya vilima vya Kiabonyoru, mvua ya mawe ikachana majani chai kule Nyansiongo, lakini mchana wetu haupungui saa 12. Tumezaliwa ndani ya kipimo hicho, tukalelewa nacho, na hatukukijua kuwa ni kipimo.

Sasa tazameni Minneapolis, jimbo la Minnesota, digrii 45 kaskazini. Tarehe 21 Desemba jua la huko huchomoza saa moja na dakika 48 asubuhi na kuzama saa kumi na dakika 34. Mchana mzima ni saa 8 na dakika 46. Na hata saa sita, jua likiwa juu kabisa, linakuwa chini upande wa kusini, digrii 21 au 22 tu kutoka upeo wa macho. Sisi tumezoea jua la utosini. Jua la huko la Desemba humpiga mtu usoni adhuhuri, na mara nyingi mawingu hayaliachi lionekane.

Nimechagua Minnesota kwa sababu inajulikana katika kila soko, kuanzia Keroka hadi Daraja Mbili. Ukitaja mji wa Brooklyn Park wa huko mbele ya kikundi cha akina mama, mmoja wao atakwambia mwanawe yuko huko. Wengi wa vijana hao wanafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee: wauguzi, wasaidizi wa wauguzi, walezi katika nyumba za watu wenye ulemavu. Zamu ya asubuhi huanza saa moja au kabla yake, wakati nje bado ni giza totoro. Akiunganisha zamu mbili, anatoka saa tano usiku. Katikati ya hapo amekaa ndani ya jengo lenye joto zuri na taa za umeme, akigeuza wagonjwa, akiwaogesha, akiwalisha, na jua limechomoza na kuzama bila yeye kulitia machoni. Afanye hivyo siku sita kwa juma, kuanzia Novemba hadi Februari, na mwili wake lazima utauliza kumetokea nini.

Aliyelipa swali hilo jina la kitabibu alikuwa Mwafrika wa kuzaliwa. Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili, alitoka Johannesburg akahamia New York mwaka 1976. Majira ya baridi ya kwanza alijikuta amepungukiwa nguvu, kazi imemwelemea, na majira ya kuchipua yalipofika nguvu zikarudi zenyewe. Baadaye, akiwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, aliwachunguza watu waliokuwa wakipatwa na hali hiyo kila mwaka, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya ugonjwa huo wa huzuni ya majira. Dalili zake si zile tunazozitarajia kwa mtu mwenye huzuni. Mgonjwa hakosi usingizi, bali hulala mno na kuamka mchovu. Hakosi hamu ya kula, bali hutamani wanga na sukari, na unene unamwongezeka. Hujitenga, hapokei simu, na kazi ndogo humwia nzito.

Nawaomba wazazi msikilize orodha hiyo tena. Analala sana, ananenepa, hapigi simu. Huku nyumbani tunaipokea habari hiyo namna gani? Tunasema pesa zimemlewesha. Tunasema amewasahau waliomchangia harambee ya nauli. Nimeyasikia haya yakisemwa kwenye matanga na kwenye vikao vya ukoo, na yananiuma, kwa sababu baadhi ya wanaosemwa hivyo ni wagonjwa, na ugonjwa wao una dawa.

Dawa yenyewe ni mwanga, na lazima uwe mwingi. Ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake si kutuonyesha vitu, bali kuujulisha ubongo kwamba kumekucha. Chembe hizo hazidanganyiki kwa taa ya sebuleni. Mwanga hupimwa kwa luksi: chumba chenye taa za kawaida kina luksi mia moja hadi mia tano hivi; nje, hata siku ya mawingu mazito, zinapatikana elfu kadhaa; na jua kali la Kisii saa sita mchana hufikia laki moja. Ndiyo maana taa maalumu za matibabu zimetengenezwa zitoe luksi 10,000, na mgonjwa hukaa mbele ya taa hiyo kwa nusu saa kila asubuhi, macho wazi lakini bila kuikodolea. Inasaidia watu wengi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupatwa na vipindi vya msisimko wa akili uliopita kiasi, amwone daktari kwanza.

Mimea inaingia wapi, basi? Watu huweka maua ndani ya nyumba na kuambiana kwamba yanasafisha hewa. Dai hilo lina chanzo. Mwaka 1989 shirika la anga la Marekani, NASA, lilichapisha matokeo ya kuweka mimea ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa, na mimea ilipunguza kemikali zilizotiwa humo. Wauzaji wa maua wakaipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Lakini hakuna anayeishi ndani ya kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walikusanya majaribio ya namna hiyo na kupiga hesabu upya, wakaona kwamba ili mimea ishindane na upenyo wa kawaida wa hewa ndani ya jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Kwa hiyo mtu asikuuzie mmea kwa sababu ya hewa. Wala mmea hautoi mwanga, nao unautafuta sawa na wewe.

Ninaloliamini ni hili: mmea humvuta mtu dirishani. Ukiwa na kiumbe ndani ya nyumba ambacho kitakufa usipokifungulia pazia, utafungua pazia. Ukikikagua kila asubuhi kabla ya chai, utakuwa umesimama penye mwanga kila asubuhi. Mtu aliyevunjika moyo hana nguvu ya kujihudumia mwenyewe, lakini mara nyingi bado ana nguvu ya kuhudumia kingine, na watu wetu, waliokulia kwenye mashamba madogo yasiyoruhusu jani moja kupotea, wana nguvu hiyo kupita wengi.

Kuna jaribio moja ambalo kila kijana anayekwenda kufanya kazi katika nyumba za wazee angepaswa kulijua. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha walichokiona katika nyumba ya wazee jimboni Connecticut. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao yako mikononi mwao: wapange vyumba vyao wapendavyo, wachague usiku wa kutazama sinema, na kila mmoja achague mmea wake autunze mwenyewe. Wakazi wa ghorofa nyingine walitendewa kwa wema uleule, nao walipewa mimea pia, ila waliambiwa kwamba wauguzi wataimwagilia. Baada ya majuma matatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye shughuli nyingi zaidi, na wauguzi waliliona hilo. Pande zote mbili zilikuwa na mimea. Kilichotofautiana ni uamuzi na wajibu. Siwezi kusema mmea peke yake ulifanya kazi hiyo, kwa kuwa uhuru wa kuchagua ulikuwamo. Lakini jaribio hilo linanitosha kumwambia kijana: usinunue ua ili liwe pambo, wala usimwachie mwenzako wa chumba alimwagilie.

Mtafiti Roger Ulrich naye, mwaka 1984, alipitia kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, za wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Wagonjwa 23 vitanda vyao vilitazama miti, na wengine 23 waliofanana nao walitazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliondoka hospitalini mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Hospitali zetu zingepaswa kulifikiria hilo kabla ya kukata kila mti uani ili kupata maegesho ya magari.

Tuje kwenye mambo ya mikono. Kijana, ukitafuta chumba huko, uliza dirisha linatazama wapi. Hapa Kisii swali hilo halina maana kubwa: jua hupita juu ya paa, nusu ya mwaka likielemea kaskazini na nusu nyingine kusini. Huko, majira ya baridi, jua halitoki upande wa kusini. Dirisha la kaskazini halitaona mwale hata mmoja kuanzia Oktoba hadi Machi. Dirisha la kusini, kwa sababu jua liko chini, litauingiza mwanga hadi kwenye ukuta wa nyuma. Vijana wengi hupanga vyumba vya chini, nusu ndani ya ardhi, kwa kuwa ni rahisi. Nawaelewa, kuna ada, kuna madeni, kuna wadogo wa kusomeshwa. Lakini wakipata nafasi ya kuongeza fedha kidogo wahamie juu, upande wa kusini, wahesabu kiasi hicho kuwa gharama ya afya.

Niliwahi kuona chumba cha binti mmoja wa Nyamira aliyeufanya ukingo wa dirisha kuwa shamba. Alikuwa ametia udongo katika kopo la siagi, akalitoboa chini kwa msumari, akapanda mbegu za chinsaga, mboga ya kwetu, katikati ya Desemba. Zilichipua, maana chumba kilikuwa na joto. Kisha miche ikarefuka, ikapauka, shina likawa jembamba na kulegea, yote imeinamia kioo. Majani mawili ya kwanza hayakuongezeka. Alidhani mbegu ni mbovu. Mbegu zilikuwa nzima. Chinsaga ni mmea wa jua kali, wa kundi moja na mahindi na mtama kwa jinsi unavyotengeneza chakula chake, na mwanga wa Desemba wa Minnesota hautoshi kuulisha. Managu huvumilia kidogo, ingawa nayo haitanenepa. Dhania na majani ya vitunguu vitamridhisha mpandaji vizuri zaidi dirishani. Na anayeng'ang'ania mboga za nyumbani anunue taa ya mimea, aiwashe saa 12 hadi 14 kwa siku kwa kidude cha kuhesabu saa, aiteremshe karibu na miche.

Kwa dirisha lisilo na taa, panda kilichozoea kivuli. Hapa kuna jambo linalonifurahisha mno: mimea mingi inayostahimili nyumba za Wazungu ilitoka kwenye misitu yetu. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau alilolipata eneo la Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akaliita Saintpaulia, kwa jina la familia ya huyo mtawala. Wajerumani hadi leo wanalitaja kwa jina la Usambara. Ua hilo na jamaa zake humea kwenye miamba yenye unyevu chini ya miti mikubwa, Tanzania na hapa Kenya, hadi Taita, kwa hiyo halidai jua la wazi. Limekuwa mojawapo ya maua ya dirishani yanayopendwa kuliko yote Ulaya na Marekani, huku ndugu zake wa porini wakitoweka pamoja na misitu. Watoto wetu wanalikuta likiuzwa madukani huko bila kujua ni jirani yao.

Jingine ni Zamioculcas, ambalo madukani huitwa ZZ kwa ufupi. Asili yake ni misitu ya mashariki na kusini mwa Afrika, pamoja na pwani ya Kenya na Zanzibar. Majani yake hung'aa, na chini ya udongo lina shina nene linaloweka akiba ya maji, kwa hiyo huvumilia kiangazi na mwenye zamu mbili aliyesahau kulinyweshea. Lipo pia lile lenye majani yaliyosimama kama sime, jamaa ya mikonge ya mwituni mnayoiona mkisafiri kwenye nchi kavu. Na lipo Chlorophytum, la Kiafrika pia, ambalo hutoa vichipukizi vinavyoning'inia. Kata kimoja, kiweke kwenye maji, kitatoa mizizi, mpe mwenzako aliyefika juzi. Vyama vyetu vya huko hukutana kila mwezi kuchanga fedha, na vingeweza kuchangiana vichipukizi pia.

Hatari kubwa kwa mkono wa Mkisii ni maji. Sisi tumetoka kwenye nchi ambayo mvua hufikia milimita 2,000 kwa mwaka mahali pengi, na udongo wetu mwekundu huyapitisha maji yote hayo yakaenda zake. Chungu hakina pa kuyapeleka. Majira ya baridi mmea hupunguza kukua, haunywi sana, na ukiumwagilia kila siku mizizi huoza na majani huwa manjano. Aliyezoea shamba akiona manjano hudhani ni njaa au kiu, huongeza maji, na mmea hufa. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Chungu kiwe na tundu chini, maji yaliyosimama kwenye kisahani yamwagwe. Usikiweke juu ya hita, wala usiache majani yaguse kioo usiku, maana Januari nje hushuka hadi digrii 14 chini ya sifuri na zaidi, na jani lililogusa kioo huungua kwa baridi.

Wazee wengine wataniuliza: udongo ndani ya nyumba? Kwetu nyumba ni ya watu na moto, na shamba liko nje, tena hatua tatu tu kutoka mlangoni. Ni kweli. Lakini huko nje shamba liko chini ya theluji kwa miezi, na aliyelelewa na migomba mlangoni hawezi kukaa nusu mwaka bila jani bichi akabaki alivyo.

Mwenye zamu ya usiku ana shida yake. Akitoka kazini asubuhi anapaswa kulala, na akiamka saa tisa amebakiza saa moja na nusu tu ya mchana. Saa hiyo asiiuze kwa kitu chochote. Avae koti, atembee nje, kisha ndipo ashike chungu chake. Wasabato mlioko hapa, na mko wengi tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanzishwa mwaka 1912, mnazijua dawa nane za asili zinazofundishwa kanisani, na mwanga wa jua umo. Siku ya Sabato wengi wa vijana wenu huko hawaendi kazini. Baada ya ibada watoke nje kungali mchana, badala ya kukaa ukumbini hadi giza liingie.

Dirisha lina mpaka wake pia. Kioo huzuia ile miale inayotengeneza vitamini D ndani ya ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 kutoka Boston, ambako ni kusini kuliko Minneapolis, ulionyesha kwamba kuanzia Novemba hadi Februari jua la huko halitengenezi vitamini hiyo hata kwa mtu aliye nje. Ngozi yetu nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi hata wakati wa joto. Kwa hiyo kijana amwombe daktari ampime damu, na akiambiwa ameze vidonge, ameze. Na huzuni ikizidi majuma mawili, au ikamletea mawazo ya kufa, hilo si la mimea wala la taa. Apige simu kwa daktari siku hiyohiyo, na sisi tusimwambie avumilie.

Wazazi, ninyi ndio mnaopiga simu. Saa mbili usiku ya hapa, Desemba, ni saa tano asubuhi huko, na jua lipo. Mkipiga wakati huo, kabla ya kuuliza habari ya karo na ya bati la nyumba ya nyanya, muulizeni kama ametoka nje leo. Muulizeni mmea wake umeendeleaje, naye atalazimika kusogea dirishani ili awajibu.

Mwisho ni mbegu, maana najua akina mama watazifunga kwenye kanga na kuzisukuma chini ya sanduku. Udongo wa shambani hauruhusiwi kuingia Marekani, na mbegu zinahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa hutolewa na shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS. Zisizo na cheti huchukuliwa uwanja wa ndege, na mwenye mzigo anaweza kutozwa faini. Zilizo na cheti zihifadhiwe pakavu hadi Mei. Baridi ya kuua miche hukoma Minneapolis katikati ya mwezi huo, na hapo mchana umekaribia saa 15. Chinsaga ipandwe nje wakati huo, kwenye udongo uliopata joto, ichumwe Juni hadi Septemba. Ya ziada ichemshwe, ikamuliwe, ifungwe kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja na kugandishwa, iwe tayari kupikwa na maziwa mwezi wa Januari.